Mwenye Bahari ya Japani ni Nani? Toyotama-hime na Wenzake Wanaochanganywa

Kuna picha moja inayozunguka sana kwenye simu: lango kubwa jekundu, miguu imo majini, milima ya kijani nyuma yake. Chini yake mtu kaandika "lango la mungu wa kike wa bahari wa Japani", basi, ubishi unaanzia hapo. Mmoja anasema huyo mungu ni Otohime, kamwona kwenye katuni. Wa pili anakataa: ni Benzaiten, yule mwenye ala ya nyuzi mapajani. Wa tatu, aliyesoma kidogo, anamleta Toyotama-hime. Wa nne anamtaja Amaterasu, kwa kuwa ndilo jina pekee la Kijapani analolikumbuka.

Huyo wa nne tumwondoe mapema. Amaterasu ni wa jua. Hao watatu wengine kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, na hiyo ndiyo sababu ubishi hauishi. Na lango lenyewe, kama tutakavyoona, si la yeyote kati yao kwa jina alilotajiwa.

Kwanza maneno mawili. La kwanza ni kami. Kamusi hulitafsiri "mungu", na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma, maana neno Mungu kwetu limebeba Muumba mmoja, ajuaye yote, asiye na mwenzake. Kami hajui yote. Anadanganywa, anaona haya, anapoteza vitu, analia. Motoori Norinaga, msomi mkubwa wa mambo ya kale ya Kijapani aliyefariki mwaka 1801, alieleza kwamba kami ni chochote kilichopita kawaida na kumtia mtu kicho, awe binadamu, mnyama, mti, mlima au bahari yenyewe. Ukiufikiria ule mbuyu ambao wazee hawaupiti bila kunong'ona salamu, umesogea karibu zaidi kuliko ukimfikiria Mungu wa msikitini au kanisani. Nitaendelea kusema "mungu wa kike" kwa sababu ndilo neno lililopo, ila anayezungumziwa ni kami.

La pili ni hime: binti wa nasaba, wa kuheshimiwa. Waswahili wa zamani wangemwita "Mwana", kama Mwana Kupona. Toyo ni wingi wa neema, tama ni kito, na pia ni roho. Basi Toyotama-hime ni kitu kama Mwana Vito-Tele. Baba yake ni Watatsumi: wata ni bahari kwa Kijapani cha kale, tsu ni kiunganishi kama "-a" yetu, na mi ni nguvu isiyoonekana. Roho ya bahari, kwa ufupi.

Cheo kilichokataliwa

Habari hizi zimo katika vitabu viwili vikongwe, Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720. Vyote viliandikwa kwa ajili ya jumba la kifalme, na hilo tulikumbuke maana lina uzito mbele ya safari.

Katika Kojiki, Izanagi, mmoja wa kami wa mwanzo, anatoka kuzimu alikomfuata mkewe aliyekufa, amejaa uchafu wa mauti, anaingia majini kuoga. Kila anapojisugua anazaliwa kami. Wanazaliwa Watatsumi watatu: wa kilindini, wa maji ya kati na wa juu. Mwishoni anaosha uso, na kutoka jicho la kushoto anatokea Amaterasu, jicho la kulia Tsukuyomi wa mwezi, puani Susanoo. Baba anagawa madaraka. Amaterasu anapewa mbingu, Tsukuyomi usiku, Susanoo anapewa bahari.

Susanoo akaikataa kazi. Alilia mpaka ndevu zikamfika kifuani na milima ikakauka, akisema anataka kwenda kwa marehemu mama yake. Akafukuzwa.

Kwa hiyo ukiuliza ni nani aliyekabidhiwa bahari rasmi, jibu ni mwanamume ambaye hakuripoti kazini. Na huku nyuma Watatsumi wapo majini, hawakumsubiri yeyote. Waliosimulia hawakuona mgongano wowote. Sisi ndio tunaotaka mlango mmoja wenye kibao, "Ofisi ya Bahari", na mkuu mmoja ndani. Wajapani wa kale waliona bahari ina kilindi, ina mawimbi ya juu, ina njia za vyombo, ina maji kujaa na kupwa, na kila jambo lina wake.

Ndoana moja

Toyotama-hime anaingia katika hadithi kwa sababu ya ndoana iliyopotea, na hadithi hii nitaikalia kidogo, kwa kuwa bila hiyo jina lake linabaki jina tu.

Walikuwapo ndugu wawili, wajukuu wa mbinguni. Mkubwa, Hoderi, alikuwa na bahati ya bahari, akivua. Mdogo, Hoori, alikuwa na bahati ya mlima, akiwinda. Mdogo akamsumbua kaka yake wabadilishane vyombo. Akaenda kuvua, asipate hata kisamaki, na ndoana ya kaka ikapotelea baharini. Kaka akaidai. Mdogo akauvunja upanga wake akafua ndoana 500, kaka akakataa. Akafua 1,000, kaka akakataa. Anataka ile ile. Yeyote aliyewahi kumwazima mvuvi chombo chake atamwelewa kaka kidogo, ingawa vitabu vinataka tumchukie.

Mdogo akaketi ufukweni analia. Mzee wa maji ya chumvi akamkuta, akamsukia kikapu kilichobana kisichopitisha maji, akamtia ndani, akamwambia afuate mkondo mpaka kwenye jumba lililojengwa mithili ya magamba ya samaki. Mlangoni pana kisima, kando ya kisima pana mti wa katsura. Apande mtini asubiri.

Akaja mjakazi na chombo kuteka maji, akaona mwanga ndani ya kisima, akainua macho: kijana yuko mtini. Hoori akaomba maji. Hakuyanywa. Alifungua kito shingoni, akakitia mdomoni, akakitema ndani ya chombo, kikagandia chini kisitoke. Mjakazi akapeleka chombo hivyo hivyo kwa bibi yake. Toyotama-hime akauliza, "Kuna mtu nje?" Akatoka kutazama mwenyewe, na ndipo mambo yake yalipoanza.

Baba akamtambua mgeni, akamtandikia ngozi za wanyama wa baharini tabaka nane na juu yake hariri tabaka nane, akamwoza binti. Hoori akakaa miaka 3. Usiku mmoja akashusha pumzi ndefu, kwa kukumbuka ndoana. Miaka 3! Mkewe akaisikia ile pumzi, akamwambia baba. Watatsumi akaita samaki wote wakubwa kwa wadogo, wakasema yupo mmoja anayelalamika siku nyingi kwamba kitu kimemkwama kooni hali chakula. Samaki huyo mwekundu Wajapani humwita tai (msimchanganye na yule ndege). Ndoana ikatolewa kooni, ikaoshwa.

Baba mkwe akampa vito viwili vya kwenda navyo. Kimoja hujaza maji, kingine huyapwisha. Kaka akileta vita, mjazie maji. Akiomba radhi, yapwishe. Ikawa hivyo. Kaka akazama, akaomba, akawa mtumishi wa mdogo wake. Hapa ndipo unapowasikia waandishi wa jumba la kifalme: ukoo wa mdogo ndio ulioshika kiti, na watu wa Hayato wa kusini mwa kisiwa cha Kyushu, waliohesabiwa kuwa kizazi cha kaka, wakaonyeshwa kwamba utumishi wao una asili.

Kibanda kisichoezekwa

Siku moja Toyotama-hime akapanda nchi kavu. Ana mimba, wakati umefika, na mtoto wa ukoo wa mbinguni haifai azaliwe baharini. Pakajengwa kibanda cha kujifungulia kando ya maji, kikiezekwa kwa manyoya ya mnandi, yule ndege mweusi mzamiaji. Paa halijaisha, uchungu ukamshika. Akaingia hivyo hivyo. Akamwambia mumewe: watu wa nchi nyingine wakijifungua hurudia umbo la kwao, basi nakuomba usinitazame.

Akamtazama. Wanaume wa hadithi hizi hawawezi kujizuia. Izanagi naye alifanya lile lile kwa mkewe kuzimu. Akaona wani wa pima nane akijiviringisha na kugaagaa. Kipimo chenyewe kwa Kijapani ni hiro, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, yaani pima yetu hasa. Kiumbe wa mita 14 hivi katika kibanda kisichoezekwa.

Mume akakimbia. Mke, alipojua ameonwa, akaona haya, akamwacha mtoto ufukweni, akaufunga mpaka wa bahari, akarudi kwao. Alikuwa amekusudia kwenda na kurudi kwa njia ile siku zote. Tangu siku hiyo, ndivyo wasimuliaji wanavyoeleza, nchi kavu na jumba la chini ya bahari havina njia.

Mtoto akaitwa jina refu linalomalizikia Ugayafukiaezu. U ni mnandi, kaya ni ezeko, fukiaezu ni "hawakumaliza kuezeka". Kwetu, tunaowaita watoto Masika, Mashaka na Sikujua kwa yaliyotokea siku ya kuzaliwa, jina hilo halishangazi hata kidogo.

Mama hakumtupa kabisa. Alimtuma mdogo wake, Tamayori-hime, aje kumlea, na kwa mkono wake akapeleka shairi kwa mume: vito vyekundu hung'arisha hata uzi wake, lakini wewe uliyekuwa kama lulu nyeupe ulipita uzuri huo. Mume akajibu kwamba hatamsahau mke aliyelala naye kwenye kisiwa cha bata wa baharini, maisha yake yote. Hawakuonana tena.

Mtoto alipokua akamwoa huyo mama mdogo aliyemlea. Wakazaa wana wanne, na kitinda mimba wao ndiye Jimmu, anayehesabiwa mfalme wa kwanza wa Japani. Basi mfalme huyo, kwa hesabu ya vitabu vyao, mama yake na bibi yake ni mabinti wa bahari, ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana Toyotama-hime hana sifa ya mungu wa kutisha wa mawimbi. Vitabu vilimhitaji awe bibi: anayeiletea damu ya kifalme haki ya bahari, pamoja na ile ya mbinguni waliyokuwa nayo.

Mamba, papa au joka?

Sasa huyu wani. Kijapani cha leo, wani ni mamba, na katuni nyingi humchora mamba. Lakini Japani haina mamba wa baharini, na wengi waliolichunguza neno hili wanaamini wani wa kale ni papa. Ushahidi mtamu uko mezani: katika milima ya kaskazini mwa mkoa wa Hiroshima, nyama ya papa mpaka leo huitwa wani, na huliwa mbichi kwenye sikukuu. Papa ana urea nyingi mwilini, nayo hugeuka amonia, hivyo haharibiki upesi, na ndiye samaki wa baharini aliyeweza kufika milimani kabla ya majokofu.

Anayesema alikuwa joka naye hajatunga. Nihon Shoki, katika simulizi yake kuu, inasema aligeuka joka. Kitabu hicho kina tabia nzuri ya kuweka simulizi moja kisha kuongeza "kitabu kingine chasema", na katika mojawapo ya hizo Toyotama-hime anakuja pwani amepanda kasa mkubwa, bahari inang'aa. Kinachokosekana kote ni nguva. Ile picha ya msichana mwenye mkia wa samaki imetoka kwingine kabisa.

Otohime alitoka wapi

Huyo kasa ndiye anayetuvusha kwa Otohime. Kila mtoto wa Kijapani anajua kisa cha Urashima Taro, mvuvi aliyemwokoa kasa, akapelekwa jumba la joka chini ya bahari, akakaribishwa na binti wa mfalme, akaishi raha, akapewa kisanduku asikifungue. Aliporudi kijijini miaka mamia ilikuwa imepita. Akafungua. Akazeeka papo hapo.

Kisa ni kikongwe. Nihon Shoki inakitaja chini ya mwaka unaohesabiwa kuwa 478, ambapo kasa mwenyewe anageuka mwanamke. Katika maandishi ya kale ya jimbo la Tango, mwanamke huyo anaitwa Kamehime, yaani Binti Kasa. Jina Otohime lilikuja karne nyingi baadaye, na maana yake ni "binti mdogo", jina la nafasi katika nyumba. Kwa kuwa jumba ni la chini ya bahari, baba ni mkuu wa bahari, na mgeni wa nchi kavu anakaa miaka 3 kisha anatamani kwao, watu wamezichanganya hadithi mbili. Zinafanana kama ndugu, sikatai. Ila Toyotama-hime ana hekalu, ana kizazi, ana mtoto aliyemwacha. Otohime ni mwenyeji wa karamu.

Siku hizi jina hilo limehamia msalani, na sitanii. Mwaka 1988 kampuni ya TOTO ilitoa kifaa cha vyooni kinachopiga sauti ya maji, kwa sababu wanawake wengi walikuwa wakivuta maji mara mbili tatu kuficha sauti zao, na maji yakipotea bure. Kikaitwa Otohime, kwa kubadilisha herufi ya kwanza iwe "sauti", ambayo nayo hutamkwa oto.

Na lile lango

Lango la pichani liko Miyajima, mkoa wa Hiroshima, mbele ya hekalu la Itsukushima. Mwenye hapo ni Ichikishima-hime na dada zake wawili, ambao si wa nyumba ya Toyotama-hime. Walizaliwa katika kiapo kati ya Amaterasu na Susanoo: Amaterasu aliutafuna upanga wa Susanoo, akapuliza, na katika ule ukungu wa pumzi wakatokea mabinti watatu. Kazi yao ni njia ya vyombo, hasa ile ya kwenda Korea na bara la Asia.

Makao yao ya asili ni Munakata, Kyushu, ambako wamepangwa kwa mstari kuelekea Korea: mmoja Kyushu kwenyewe, mmoja kisiwa cha Oshima, mmoja Okinoshima, kilomita 60 hivi baharini. Huko Okinoshima, kuanzia karne ya 4 mpaka ya 9, wasafiri waliacha sadaka, na vitu karibu 80,000 vimechimbuliwa, ikiwemo pete ya dhahabu. Kisiwa cha mungu wa kike, na wanawake hawaruhusiwi kukanyaga. Wanaume wasiozidi 200 walikuwa wakiruhusiwa siku moja kwa mwaka, tarehe 27 Mei, baada ya kuoga uchi baharini, nao wasitoke na hata kijiti. UNESCO ilipokiandika mwaka 2017, mlango ukafungwa kwa wageni wote.

Benzaiten anaingilia hapa. Yeye asili yake ni India: ni Sarasvati, wa mto, muziki na ufasaha, aliyefika Japani na dini ya Budha. Kwa kuwa wote ni wanawake wa majini, karne kwa karne waumini walimsalia Ichikishima-hime na Benzaiten kama mtu mmoja mwenye majina mawili, mpaka serikali ilipoamuru mwaka 1868 dini ya kami na ya Budha zitenganishwe. Itsukushima wakaamua: Ichikishima-hime akabaki hekaluni, sanamu ya Benzaiten ikahamia hekalu la Kibudha la jirani. Kwa hiyo anayesema "Benzaiten" yuko sahihi, kwa kalenda ya kabla ya 1868.

Lango lenyewe ni la mwaka 1875, urefu zaidi ya mita 16, na halijachimbiwa. Limesimama kwa uzito wake, na mtambaa wake wa juu una uwazi uliojazwa mawe madogo, tani 7 hivi. Maji yakipwa unalifikia kwa miguu.

Wanaowatumia hasa

Ukitaka kufuata nyayo za Toyotama-hime, nenda Udo, mkoa wa Miyazaki. Hekalu limo ndani ya pango la mwamba unaopigwa na mawimbi, na unateremka ngazi kulifikia, jambo geni kwa mahekalu yao. Wanasema hapo ndipo kibanda kilipokuwa. Ukutani mwa pango kuna mawe mawili yaliyotokeza kama matiti, yanadondosha maji. Ni matiti ya mama: alipoondoka aliyaacha, mtoto anyonye. Maji hayo hutengenezewa peremende, na wajawazito na wanaonyonyesha huzinunua. Katika vitabu vya kifalme hakuna neno juu ya matiti haya. Watu waliona kitabu kimemwacha mtoto na njaa, wakarekebisha.

Mdogo mtu naye ana watu wake. Osatsu, katika mji wa Toba, kwenye pwani ya wanawake wanaozamia kombe bila mitungi ya hewa, kuna hekalu dogo la Tamayori-hime linalosemekana humtimizia kila mwanamke ombi moja. Wazamiaji hao hushona kwenye vitambaa vyao vya kichwa nyota ya pembe tano na mistari iliyokatana, kinga dhidi ya kiumbe anayejigeuza mzamiaji mwenzao huko chini na kuwavuta kilindini.

Na mvuvi wa kawaida? Wake hayumo katika kitabu chochote kati ya hivi. Anaitwa Funadama, roho ya chombo, na kwa sehemu nyingi ni mwanamke. Fundi wa mashua alipokaribia kumaliza kazi alichonga tundu chini ya mlingoti, akaweka humo sarafu 12, wanasesere wawili wa kiume na wa kike, nywele za mwanamke, na dadu mbili. Dadu zina mpango wake: moja itazame mbinguni, sita ardhini, tatu mbele, nne nyuma. Kisha tundu likazibwa, na chombo kikashushwa majini na huyo bibi ndani yake.